Majini Hakuna Mgongo wa Paa

Jumanne, tarehe 4

Kwa Shemeji,

Pokea salamu nyingi kama misumari ndani ya boksi jipya. Mimi mzima, presha iko palepale daktari alipoiacha, goti la kushoto linalalamikia ngazi tu. Natumaini nawe hujambo, mgongo wako haujambo, na kama bado unafuga wale kuku wako wagomvi basi nao hawajambo.

Usishtuke kuona mwandiko. Ni mkono wangu mwenyewe, sijamwomba mtu. Nilipokwenda darasa la watu wazima ulisema najifunza kuandika jina langu ili nilisome vizuri kaburini. Haya, soma sasa. Nimeandika kwa sababu namba yangu uliifunga kwenye simu yako nisikupate. Yule mwanamke wa ndani ya simu ananiambia nijaribu baadaye. Miaka sita sasa najaribu baadaye.

Niko baharini. Kinda, mpwa wako, binti yangu kitinda mimba, sasa ni mwalimu wa hesabu kamili, na shule zimefungwa, basi amenileta likizo ya wiki nne. Tumefikia nyumba ya wageni, mimi chumba namba saba, yeye namba nane. Chumba ni kizuri ila paa lao limepigwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Nimehesabu misumari kumi na moja iliyokosa mbao. Nimemwambia mama wa mapokezi, akasema atawaambia wenyewe. Unajua mimi, nikitazama paa siwezi kutazama kitu kingine. Miaka arobaini juu ya kenchi, sijawahi kuanguka, na jina la Paka sikujipa.

Sasa, kuna kajambo. Hapa watu wanacheza na mawimbi. Mtu anachukua ubao mrefu kama mlango, anaingia nao majini, anaulalia, wimbi likija anasimama wima juu yake na wimbi linamleta hadi mchangani. Kinda ametuandikisha sote wawili tufundishwe. Somo letu ni Jumamosi ya tarehe 15. Amesema, "Baba, wewe uliyeingia mto uliofura ukamtoa mjomba, hii kwako si mchezo wa watoto?"

Nikasema ni mchezo wa watoto.

Unaifahamu ile hadithi ya mto, sina haja ya kuirudia. Watu waliipenda. Hata marehemu dada yako, kila nikifika pale pa shingo, pale unaponikaba majini, alikuwa anainuka kwenda jikoni kutazama chungu, hakuweza kuvumilia, machozi.

Basi nataka kukuuliza kitu kidogo tu, wewe mtu wa mto. Mtu akiwa ndani ya maji, inaanza mikono au miguu? Nimesahau kidogo.

Barua hii nampa dereva wa basi la alfajiri. Mpe jibu huyohuyo, anarudi kila siku.

Ni mimi shemeji yako,
Paka

*

Ijumaa, tarehe 7

Kwa Shemeji,

Salamu tena, habari za siku tatu. Huku tu wazima. Dereva ameniambia barua aliiweka mkononi mwako na wewe ukaitia mfukoni bila neno. Sawa. Labda miwani imevunjika.

Nakwambia jinsi nilivyojiandaa ili usidhani nimekaa. Juzi nimelalia kitanda tumbo chini nikapiga mikono na miguu kama nilivyowaona wale wa ufukoni. Nilikwenda vizuri mpaka kitanda kikavunjika ubavu mmoja. Mama wa mapokezi akaja kugonga, "Mzee, kuna nini humo?" Nikamwambia natengeneza kitanda chenu. Na kweli nimekitengeneza, sasa ndicho kitanda imara kuliko vyote humu.

Jana nimejaza maji kwenye ile ndoo kubwa ya bafuni nikatia uso. Nilihesabu mpaka nne.

Shemeji, nisikilize. Kinda mwenyewe ana hofu. Hakuniambia siku ya kwanza. Jana tumekaa kwenye viti vya plastiki pale barazani, taulo zinaning'inia pande zote, akasema, "Baba, tangu mama afariki naogopa kila kitu. Naogopa kuvuka barabara, naogopa simu ikilia. Wenzangu shuleni hawajui. Nikasema mwaka huu nitaingia kwenye kitu ninachokiogopa kuliko vyote, na nitaingia na baba."

Nikamwambia, "Lakini wewe unajua kuogelea, si mlifundishwa kule chuoni?"

Akasema, "Kwenye bwawa, baba, na kamba ya ukingo iko karibu. Ukingo wangu huku ni wewe."

Tena kuna mwalimu wa mawimbi, mwanamke mtu mzima mwenye mabega kama fundi mwashi, ana filimbi shingoni, wote wanamwita Mama Filimbi. Amemuuliza Kinda kama atataka jaketi la kuelea. Kinda akasema hapana, baba yangu ni muogeleaji, amewahi kuokoa mtu. Mama Filimbi akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. Nikamtazama nami.

Kwa hiyo lile swali langu la mikono na miguu si kwamba nimesahau. Sijawahi kujua. Haya, nimeandika. Umefurahi.

Jibu upesi.

Shemeji yako,
Paka

*

Jumapili, tarehe 9

Paka,

Salamu zako zimefika. Mimi ni mzima. Kuku wawili wamekufa, wengine wapo.

Barua zako zote mbili nimezisoma. Ya kwanza niliiweka chini ya jiwe la kunolea, nikasema siijibu. Ya pili imenifanya nikae chini.

Unasema huna haja ya kunirudia ile hadithi. Kweli sina haja, nilikuwepo. Lakini wewe inaonekana hukuwepo, basi nikukumbushe. Tulikuwa tunatoka kuezeka shule, mimi na wewe. Daraja lilikuwa la gogo na mto umefura. Mimi nilisema tungoje. Wewe ukasema gogo si lolote, wewe ni paka, ukalipita huku unageuka kunitazama kama ninakutazama. Ukaanguka. Nikajitosa. Ukanikaba shingo kwa mikono miwili, tukazama wote, nikakupiga kiwiko cha pua ndipo ukalegea, nikakuvuta kwa ukosi wa shati. Tulipofika ukingoni mimi sikuwa na pumzi hata ya kutema maji. Nililala. Wewe ulisimama, kwa sababu wewe hukufanya kazi yoyote. Watu wakaja, wakakuta mmoja amesimama na mmoja amelala, wakaamua wenyewe nani kamwokoa nani. Baba yangu akakushika mkono akakushukuru mbele ya watu.

Ningeweza kusema. Lakini nilijua unamtaka dada yangu, na baba alishaapa kwamba binti yake haolewi na mtu anayeshinda juu ya mapaa kama popo. Nikanyamaza. Nilikuazima uongo mmoja wa siku moja, Paka, wewe ukautumia miaka arobaini. Na mwisho ukausimulia kwenye mazishi ya dada yangu, jeneza liko mbele yetu, ukaongeza kwamba nilikuwa nalia nikimwita mama. Ndipo nilipoondoka.

Sasa unataka nikufundishe kuogelea kwa barua. Kuogelea hakufundishwi kwa barua, kama vile kuezeka hakufundishwi kwa simu. Nakupa maneno mawili tu.

La kwanza: ukianguka majini usipigane nayo. Lala chali, masikio yaingie ndani ya maji, tazama juu, tulia. Maji yanambeba mtu aliyetulia, yanammeza anayegombana nayo.

La pili ndilo kubwa: mwambie mtoto. Kabla ya Jumamosi. Umemfanya akatae jaketi.

Mjomba wa Kinda

*

Jumatano, tarehe 12

Kwa Shemeji,

Salamu. Pole kwa kuku. Hapa ni wazima wa mwili.

Barua yako nimeisoma ikanichoma kama bati la saa saba mchana. Kwanza pua yangu mpaka leo imepinda upande mmoja na sijawahi kukudai. Pili sikugeuka mara nyingi pale kwenye gogo, niligeuka mara moja.

Nimejaribu kumwambia. Usidhani sijajaribu. Jumatatu tukiwa tunakunywa chai nikasema, "Kinda, kuna jambo la mto." Akaweka kikombe chini, macho yakamwaka, akasema, "Baba, nisimulie tena, nisimulie yote, leo naihitaji." Mtu akikuomba kitu na macho yale utampa nini? Nikamsimulia. Nilipunguza lakini. Pale pa wewe kulia nilipatoa kabisa.

Jana nikajaribu tena ufukoni. Tulikuwa tunawatazama wanaofundishwa. Wimbi moja lilimgeuza mtu kama chapati, miguu juu. Kinda akanishika mkono. Nikasema, "Unajua mwanangu, mtu anaweza kuahirisha." Akasema, "Nikiahirisha hili, baba, nitaahirisha maisha yote. Ila wewe ukiwa hujisikii vizuri, sema." Nikasema mimi niko vizuri kuliko yeyote hapa.

Ulimi huu, shemeji, sijui nani aliniwekea.

Lakini nimepata njia. Sijalala bure juu ya mapaa. Unakumbuka tulivyokuwa tunafanya kazi kwenye paa lenye mwinuko mkali? Kamba moja, wewe upande huu wa mgongo wa paa, mimi upande ule, imepita juu katikati yetu. Ukiteleza wewe, uzito wangu unakushika. Nikiteleza mimi, wako unanishika. Miaka kumi na tisa kamba moja na hatukuzika mtu. Basi nimenunua kamba nzuri, pima nne, kama mita saba. Nitaifunga kiunoni kwangu ndani ya shati, na ncha ya pili kwenye ubao wa Kinda. Nimemwonyesha. Amecheka, akasema, "Hii ni ili nisikupotee, baba?" Nikasema ndiyo. Akasema itampa moyo. Mama Filimbi hana haja ya kujua, hayo ni mambo ya mafundi.

Kwa hiyo huna tena la kunifundisha. Nakutaarifu tu.

Shemeji yako ambaye hajawahi kuanguka kutoka kwenye paa,
Paka

*

Alhamisi, tarehe 13, jioni

Paka,

Sina salamu. Dereva amenipa barua yako sasa hivi na naandika nimesimama.

Usifunge kamba. Nakuomba, usifunge. Juu ya paa kamba ilitushika kwa sababu katikati yetu palikuwa na mgongo wa paa. Wewe huku, mimi kule, paa ndilo lililobeba. Majini hakuna mgongo wa paa. Majini kamba moja ina maana akizama mmoja wanazama wawili. Ndicho ulichonifanya mtoni kwa mikono yako, sasa unataka kumfanyia mtoto kwa kamba.

Nimezika dada. Usinizikishe mpwa.

Ukate hiyo kamba, umwachie mama wa mapokezi aanikie nguo. Nimemwambia dereva akupe wewe mkononi, si mtu mwingine.

Namba yako nimeifungua. Piga.

Shemeji yako

*

Jumatatu, tarehe 17

Shemeji Paka,

Habari za huko. Hujaandika na hujapiga. Dereva anasema barua yangu ulipokea mwenyewe Ijumaa jioni pale kwenye ngazi, ukaitazama nje ukaitia mfuko wa suruali. Anasema jana na leo hakukuona barazani wala Kinda hakumwona.

Nimepiga simu yako, imezimwa. Nimepiga ya Kinda, inaita mpaka inachoka. Hiyo nyumba ya wageni sijui inaitwaje, hukuandika, umeandika habari za misumari.

Nilijaribu kunoa patasi nikajikata. Nimekaa mlangoni tangu saa nne, jirani kaniuliza nangoja nani, nikasema nangoja basi.

Niandikie. Hata matusi, andika.

Shemeji yako

*

Jumatano, tarehe 19

Kwa Shemeji,

Tu hai wote wawili. Nimeliweka mbele hilo, salamu zitafuata. Simu zetu Kinda alizifunga pamoja kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji, na mfuko ukapitisha maji. Yake inaita lakini kioo kimekufa hakipokei, yangu haisemi kitu.

Barua yako ya Alhamisi niliipata. Nilijua ni matusi, nikasema matusi yanasomwa baada ya kazi. Nimeisoma Jumamosi mchana kwenye benchi la zahanati, imelowa, nusu ya wino umekimbia. Lile neno la mgongo wa paa lilikuwa bado linasomeka.

Nakusimulia kama ilivyokuwa, na safari hii siongezi.

Jumamosi asubuhi tulikuwa watu wanane mchangani. Mama Filimbi akapuliza filimbi, akasema, "Asiyejua kuogelea anyooshe mkono. Bahari haimcheki mtu na mimi simcheki." Wakanyoosha wawili, bwana mmoja aliyeoa juzi na dada wa benki. Wakapewa majaketi. Akanitazama, "Na mzee?" Kinda akasema, "Baba yuko sawa." Mkono wangu ulikuwa mzito kama gunia la saruji, shemeji, haukuinuka.

Tukafundishwa kwanza juu ya mchanga. Lala, sukuma kifua, rusha miguu, simama. Hapo niliwashinda wote. Mama Filimbi mwenyewe alisema mzee ana mizani. Nikavimba kichwa. Nikasema kumbe bahari ni paa linalotikisika tu.

Tukaingia. Nikafunga kamba kwenye ubao wa Kinda, na kiunoni kwangu fundo letu lile linalofunguka kwa kuvuta mkia mmoja. Wimbi la kwanza likatupita chini. La pili likaja, Mama Filimbi akapiga kelele, "Sasa, mwalimu," na Kinda akasimama.

Alisimama, shemeji. Miguu yote miwili, mgongo umenyooka kama wa mama yake alipokuwa akibeba maji. Alikuwa anakwenda, na nilimsikia anacheka. Sijamsikia akicheka hivyo miaka sita. Halafu kamba ikaisha.

Pima nne ni fupi sana. Ilimng'oa ubao chini ya miguu, na mimi ikanitoa kwenye wangu, tukaingia ndani wote. Ubao ukarudi ukampiga hapa juu ya jicho. Mimi sikuona kitu, maji tu na povu na mchanga mdomoni. Mikono yangu ikatafuta kitu cha kushika ikapata. Ikabana. Nikajua nimeshika nini. Mikono hii inaijua shingo.

Pale nikakumbuka pua yangu.

Nikaachia. Nikavuta ule mkia wa fundo, kamba ikanitoka kiunoni ikaenda na ubao wake. Nikajua ndiyo mwisho wangu, na haikuniuma sana, nilichotaka ni yeye apande juu. Nikafanya ulivyosema. Nikalala chali, masikio ndani ya maji. Nikasikia vijiwe vinaviringika huko chini. Juu kulikuwa na wingu moja. Nikatulia, shemeji, mimi ambaye sijawahi kutulia.

Halafu ukaja uso wa Mama Filimbi katikati yangu na wingu. Akasema, "Mzee, simama." Nikasema siwezi, nakufa. Akasema, "Simama, maji yanakufika kifuani."

Nikasimama. Yalikuwa yananifika kifuani.

Kinda alikuwa ameshafika mchangani kwa miguu yake, damu inamtiririka usoni, anaita, "Baba, baba yuko wapi?" Mama Filimbi aliikuta kamba kwenye ubao. Hakupayuka. Aliikunja vizuri, akanipa mkononi, akasema, "Katika miaka yangu ishirini hii ndiyo ya kwanza."

Zahanati wamemshona nyuzi nne. Nilikaa karibu naye kwenye benchi, nguo zinatiririka maji. Akaniuliza, "Baba, kwa nini ulinikaba?"

Nikasema, "Kwa sababu sijui kuogelea."

Akacheka kidogo, akidhani ni utani. Nikamwambia yote. Gogo, shingo, kiwiko, nani alisimama na nani alilala, na babu yake, na mazishi. Nesi alikuwa ameshika mkasi, akasahau kukata uzi.

Siku mbili Kinda amekaa mbali nami. Asubuhi anakunywa chai meza ya dirishani na mimi nakunywa meza ya mlangoni. Mlango wa namba nane hafungi kwa nguvu, anaufunga taratibu, na hiyo ndiyo inaniua. Jana jioni nikamkuta amekaa mchangani peke yake anatazama wale wa mawimbi. Nikasimama mbali. Akasema bila kugeuka, "Mama alijua?"

Nikasema sijui.

Akasema, "Aliolewa na wewe kwa sababu ya ule mto. Kama hakujua, ulimwoa kwa uongo, na sisi sote tumezaliwa humo ndani. Sijui nitafanyaje na hilo, baba."

Shemeji, hili ndilo ninalokuuliza, na safari hii sijifanyi nimesahau. Dada yako alijua? Wewe ulikuwa naye karibu. Kama hakujua niambie hivyohivyo, nitamsomea Kinda barua yako ilivyo. Nimemwahidi sitaongeza wala kupunguza.

Na kuhusu mazishi. Hukulia. Hukumwita mama. Nililia mimi. Nimechelewa miaka sita kulisema, na mbele ya watu wale wote sasa siwezi kulisema, baadhi yao wameshakufa. Nakuambia wewe.

Shemeji yako,
Paka

*

Ijumaa, tarehe 21

Kwa Shemeji Paka, na msomee Kinda,

Salamu kwenu wote. Mimi mzima, kidole nilichojikata kinapona. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Alijua.

Alijua siku ileile, kabla jua halijatua. Nilirudi nyumbani nikavua shati niliweke juani, yeye alikuwa anachambua mchele uani. Akanitazama shingoni. Kulikuwa na alama kumi za vidole, tano huku na tano huku. Akasema, "Kaka, mtu aliyekuokoa alikuokoa kwa kukunyonga?" Nikamwambia tuyaache. Akaja akaweka vidole vyake juu ya zile alama, akapima. Akasema, "Na pua yake imevimba." Halafu akakaa chini na ungo wake akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Nikamwambia nitamwambia baba ukweli. Akanishika mkono. Akasema, "Usiharibu. Nilishaamua kuolewa naye tangu alipoezeka jiko letu akanizungumzia kutwa nzima bila kutazama anapogonga. Nilikuwa nashangaa tu baba atakubalije. Mwache aseme. Mtu anayedanganya vibaya hivyo hawezi kunificha kitu kingine."

Basi nilikuazima mimi, lakini mwenye uongo alikuwa yeye.

Na Kinda, mjomba wako anakuambia hili: mama yako alikuwa haendi jikoni kulia. Chungu hakikuwa na shida. Niliwahi kumfuata mara moja, siku ambayo baba yako aliongeza mamba. Nilimkuta ameegemea ukuta amejiziba mdomo kwa kitambaa cha vyungu, mabega yanamtetemeka, akaniambia, "Kaka, nenda ukamsikilize, leo kuna mamba. Mwaka jana hapakuwa na mamba." Miaka yote aliisubiri ile hadithi kama mtu anavyosubiri mgeni. Ndiyo maana mazishini niliondoka. Wewe Paka ulidhani ni kwa ajili yangu, na mimi nilikuandikia hivyo. Ulipofika pale pa shingo niligeuka kutazama nani anainuka, na hakuinuka mtu.

Kuhusu kamba, sitaki kusikia tena neno hilo.

Jumamosi ijayo, tarehe 29, shamba halina kazi. Nimeshika kiti kwenye basi. Niwekeeni nafasi ya kulala, si lazima kitanda, nasikia kuna kimoja imara.

Shemeji yako, na mjomba

*

Jumatatu, tarehe 24

Kwa Shemeji,

Salamu, nasi tunakungoja. Kitanda cha namba saba ni chako, mimi nitalala kwenye godoro chini.

Kwanza habari za Jumamosi. Mama Filimbi ametukubali tena, kwa sharti kwamba anipekue kiunoni. Kinda alikuja na plasta juu ya jicho. Hofu bado alikuwa nayo, akaingia nayo hivyohivyo. Mama Filimbi akauliza nani hajui kuogelea. Nikanyoosha. Nikanyoosha mkono juu kabisa, kuliko wale wengine wote, mtu angeniona kutoka mtaa wa pili. Nimepewa jaketi la rangi ya chungwa. Nililala chali kwenye maji ya magoti saa nzima na sikuzama hata mara moja, na Mama Filimbi anasema kwa umri wangu hajaona mtu anayelala chali vizuri vile. Hilo si mimi ninayesema, ni yeye.

Barua yako dereva aliichelewesha, nimeipata leo asubuhi. Kinda alikuwa meza ya dirishani. Nikaenda nayo, nikauliza kama naweza kukaa, akasogeza kikombe. Nikamsomea kwa sauti yangu, polepole, herufi zako ni kama kuku wako. Sikuongeza na sikupunguza.

Nilipofika pale pa shingo, pale pa vidole kumi, Kinda aliinuka. Akatoka mezani akaenda jikoni kwa watu, jikoni mwa nyumba ya wageni, ambako hana chungu wala hana mtu anayemjua. Mpishi akatoka nje akanitazama, akauliza, "Mzee, binti yako ana nini?" Nikamwambia mwache, anatazama chungu.

Akarudi baadaye, macho mekundu, amejiziba mdomo na taulo la vyombo. Akakaa. Akasema, "Baba, rudia. Anzia kwenye shingo."

Nikarudia. Akainuka tena.

Shemeji yako,
Paka